Kuchomoa Bila Kuaga

Mimi si mtu wa kusifu watu ovyo. Miaka thelathini na moja nimekaa dirisha la mapokezi hospitalini nikiandikisha wagonjwa, na ukikaa hapo muda wote huo unajua kwamba anayekuja na maneno mengi mdomoni ndiye aliyesahau kadi nyumbani. Kwa hiyo haya ninayoyasema kuhusu mkwe wangu, mke wa mwanangu, yachukuliwe kama yalivyo. Sikuombwa kuyasema, na yeye akijua nimeyasema ataona haya wiki nzima.

Jina la Bi Ruhusa nilimpa mimi, wiki ile ile alipoletwa nyumbani. "Mama, naomba kupita." "Mama, naomba nifungue dirisha." Friji ya nyumba anayoishi mwenyewe anaomba kuifungua! Akitoka kwenda kazini anaaga chumba kwa chumba. Mwanangu, fundi bomba, ambaye huondoka na mkate mdomoni na spana mfukoni, humwambia kuna siku atachelewa kwa kuaga vikombe. Mimi sina mambo hayo. Nikimaliza kusema ninakata simu. Nikichoka na mazungumzo ninainuka, naenda zangu. Walionizoea wamenizoea, na asiyenizoea shauri yake.

Kazi ya Bi Ruhusa ni kuandika programu za vidude. Simaanishi kompyuta za mezani, zile kila mtu anazijua. Yeye yuko kwenye karakana ya vifaa vya hospitali, chumba cha nyuma, meza moja, taa ya kupinda shingo, na nyaya ambazo akikuta umezigusa hatasema kitu ila atazipanga upya mbele yako. Miaka minne alishughulika na kidude kimoja tu: kisanduku cha kutosha kiganjani, kinachobandikwa kwenye friji ya chanjo. Kila dakika kinapima ubaridi na kuandika. Chanjo ikipata joto inaharibika kimya kimya, haibadiliki rangi wala harufu, na mtoto atachomwa sindano isiyo na faida. Nimeona kwa macho yangu maboksi mazima yakitupwa kwa sababu hakuna aliyeweza kusema friji ilizima saa ngapi. Na kisanduku hiki kazi yake kwa muuguzi ilikuwa nyepesi: asubuhi anachomeka flashi, kinamwagia kumbukumbu za jana, taa inawaka kijani, anaondoka nazo.

Kamati ya hospitali ilikuwa imepanga Ijumaa moja ije ikione kikifanya kazi kliniki. Ikikikubali, kitapelekwa kliniki zote. Ikikikataa, shughuli inafungwa, na Bi Ruhusa anarudi kutengeneza printa za maofisini, huko huko alikotolewa. Aliniambia habari hiyo tukimenya viazi, kwa sauti ile ile anayoombea chumvi. Lakini viazi vyake siku hiyo vilitoka na maganda.

Mwezi mmoja kabla ya Ijumaa hiyo alikuja na kisanduku nyumbani.

"Mama, naomba nikibandike kwenye friji yetu. Halafu wewe uwe muuguzi. Kila asubuhi unichukulie kumbukumbu kwenye flashi, jioni nizikague."

"Maziwa na mabamia nayo yanahitaji kulindwa?" nikamuuliza. Nilijikausha tu. Moyoni nilifurahi kuliko nilivyoonyesha. Nilikuwa nimestaafu mwaka wa pili, na kustaafu kuna raha yake, ila hakuna anayekupangia foleni.

Jumapili moja mchana nilitaka kujua. Kitu nitakachokuwa nakichomeka kila siku lazima nikielewe, sikuzoea kupokea watu nisiowajua. Nikamuuliza kisanduku kinajuaje kwamba kilichochomekwa ni flashi, na siyo kipanya cha kompyuta au takataka nyingine yenye mdomo kama huo. Akachukua kalamu, akageuza bahasha ya zamani.

"Flashi ikiingia, Mama, kuna uzi mmoja inauvuta juu kidogo, umeme wake unapanda. Hapo kisanduku kinajua tu kwamba mlangoni pana mtu. Ni nani, hakijui."

"Amepiga hodi."

"Ndiyo. Kinamwambia kwanza asahau yote, aanze upya. Halafu kinamwita kwa namba sifuri. Kila mgeni anaanzia sifuri, ndiyo maana wanapokewa mmoja mmoja."

"Maana wawili wakiitika sifuri kwa pamoja ni vurugu," nikasema. "Endelea."

"Anaulizwa yeye ni nani, ametengenezwa na nani, anafanya kazi gani. Anapewa namba yake mwenyewe. Kuanzia hapo haitwi sifuri tena."

Nikamnyang'anya kalamu. "Mwanangu, hii ndiyo kazi niliyoifanya miaka thelathini na moja! Mgonjwa mpya hana namba. Unamuuliza jina, umri, anaumwa nini, unamfungulia faili, unampa namba. Haya, akishapata faili anakwenda kwa nani?"

Akacheka. Alisema hapo sasa ndipo anapoingia yeye. Ndani ya kisanduku kuna mfumo mdogo unaosimamia kila kitu, na chini yake kuna viendeshi, yaani programu ndogo ndogo, kila kimoja na orodha ya wageni kinaowafahamu. Kimoja kinajua flashi, kingine kinajua kibodi. Mfumo unapita na faili: huyu ni wa nani? Kiendeshi kinachomtambua kinasema ni wa kwangu, kinamtengea meza, yaani nafasi kwenye kumbukumbu ya kisanduku, kinaanza kumhudumia. Asipotambuliwa na yeyote anaachwa amekaa tu. Kiendeshi cha flashi alikuwa amekiandika yeye, mstari kwa mstari.

"Na mgeni hasemi mpaka aulizwe," akaongeza. "Kisanduku kinauliza: una kitu? Anajibu: bado. Kinauliza tena. Bado. Kinaweza kuuliza mara elfu kwa sekunde moja, na hakuna anayekasirika."

"Mgonjwa wa namna hiyo sikumpata hata mmoja."

Akanieleza pia kwamba kompyuta kubwa ina nafasi kama ukumbi, ila kisanduku chake ni kibanda, kila kitu humo kimehesabiwa. Kiendeshi chake alikipa meza nne tu. Alisema zinatosha na kubaki, kwa sababu tundu lenyewe la kuchomekea ni moja.

Basi nikawa muuguzi. Maelekezo yalikuwa haya: chomeka, subiri, bonyeza kitufe cha kutolea, ngoja kijani, ndipo uchomoe. Siku za kwanza nilifuata kama mtoto wa shule. Baadaye nikaona ninapotezewa muda. Kumbukumbu zilikuwa zimeshaingia zote, ile taa ilikuwa ikipepesa kumalizia tu, birika la chai linanipigia kelele, mimi nimesimama mbele ya friji nikisubiri ruhusa ya kisanduku? Nikawa nachomoa.

Siku ya kwanza salama, ya pili salama, ya tatu salama, ya nne nikachomoa kama kawaida. Asubuhi iliyofuata nachomeka, taa nyekundu. Kisanduku kimeganda, hakijibu kitufe, hakijibu kitu. Nilitazama mlangoni, hakuna mtu, nikachomoa waya wake ukutani, nikahesabu mpaka kumi, nikaurudisha. Kijani! Nikajifuta mikono kwenye aproni nikanywa chai yangu.

Sikumwambia mtu. Ningesemaje? Miaka thelathini na moja kazini sikuwahi kupewa barua ya onyo, nije kuharibu chombo cha mkwe wangu jikoni kwangu? Baada ya siku nne kikaganda tena, nami nikakizimua vile vile. Wiki ya tatu mkono ulikuwa umeshazoea, nilikizimua huku nikifanya mambo mengine.

Jumapili ya mwisho kabla ya kamati, Bi Ruhusa alikaa mezani na karatasi za kumbukumbu, za wiki zote kwa pamoja. Aliangalia, akaangalia tena, akakunja uso.

"Mama, umeme wetu huwa unakatika asubuhi?"

"Unakatika sana," nikajibu, upesi mno.

"Kila baada ya siku nne? Saa moja na dakika kumi na mbili?"

Mwanangu alikuwa anakula. "Huo umeme una kalenda nzuri kuliko mimi," akasema.

Nikamkata jicho, akarudi kwenye sahani yake. Na Bi Ruhusa, kwa sababu mimi ndiye niliyesema, aliamini. Aliamua sehemu ya umeme ya kisanduku ni dhaifu. Jumatatu nzima alikifungua, akabadilisha kipande, akafunga. Jumanne akabadilisha kingine. Zimebaki siku tatu na mtu anatafuta ugonjwa kwenye mguu wakati unaouma ni mkono, na aliyemwelekeza mguuni ni mimi. Jumanne jioni nilimkuta mezani, macho mekundu, chuma cha kulehemu mkononi, akaniambia, "Samahani Mama, nimekuchafulia meza."

Hiyo samahani ilinichoma. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliyeficha sikuwa hata mzazi wa kisanduku. Nikavuta kiti.

"Siyo umeme," nikasema. "Ni mimi."

Nikamweleza yote: taa inayopepesa, birika, waya wa ukutani, kuhesabu mpaka kumi. Nilipomaliza alisema neno moja tu, polepole: "Wiki tatu, Mama." Angefoka ningejua la kumjibu, kufoka ni fani yangu. Hakufoka. Nikamwambia anisamehe, na mwanangu, aliyekuwa anakula pembeni, akaacha kutafuna, maana neno hilo hakuwahi kulisikia likitoka kwangu.

Basi Bi Ruhusa akanyoosha mkono, akaichomoa flashi mfukoni mwa aproni yangu. "Nionyeshe," akasema. Tukaenda mbele ya friji. Nikachomeka, nikachomoa taa ikipepesa. Mara ya pili. Ya tatu. Ya nne. Ya tano, nyekundu. Akakaa chini sakafuni, mgongo kwenye kabati, akafungua daftari lake.

"Nimechomeka mara mia tatu na kumi karakana, Mama. Zote nimeziandika. Na kila mara nilibonyeza kitufe, nikasubiri kijani."

"Hata mara moja hukuchomoa tu?"

"Ningechomoaje kabla hakijamaliza?" Aliniuliza kwa mshangao wa kweli kabisa, kama vile nimemuuliza kwa nini hajawahi kumpiga mtu kofi njiani. Kiendeshi alikiandika yeye, na yeye ndiye aliyekijaribu. Kwa hiyo kilikuwa na adabu zake zote, na kilitegemea kila mgeni awe nazo.

Kisa chenyewe kilikuwa hiki. Nikichomoa taa ikipepesa, kuna swali moja lilikuwa limeshaulizwa na halijajibiwa. Kiendeshi kilibaki kinalisubiri jibu la mtu aliyeondoka, na kwa kusubiri hivyo hakikuivunja ile meza. Kesho yake anakuja mgeni, anapewa meza ya pili. Meza nne zikishikwa na watu wasiokuwepo, wa tano hana pa kukaa, na mfumo mzima unasimama kumngojea apate nafasi. Nilimwambia hayo ninayajua kuliko yeye. Wodini mgonjwa akitoroka bila kuandikiwa ruhusa, kitanda kinabaki na jina lake. Unaweza kuwa na wodi iliyojaa vitanda vitupu huku wagonjwa wamelala koridoni.

Jumatano alirekebisha, kikawa kibaya zaidi. Safari hii meza ilivunjwa mara tu mgeni alipochomolewa, lakini lile swali lilikuwa bado liko njiani, lilivyorudi likaangukia pasipo na meza, kisanduku kikazima na kujiwasha chenyewe. Nilimweleza jinsi dada mkuu wa wodi alivyokuwa akifanya mtu akitoroka. Kwanza hakuna kipimo kipya kitakachoandikwa kwa jina lile. Pili, vilivyotumwa maabara vifutwe. Tatu, subiri maabara wenyewe waseme vimefutwa. Hapo ndipo shuka litolewe. Naamini alikuwa anajua tayari. Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Ndivyo hasa, Mama," akaandika.

Alhamisi hakwenda karakana. Tulishinda mbele ya friji, mimi kwenye kigoda, yeye sakafuni na daftari. Nilichomoa taratibu, nilichomoa kwa hasira, nilichomoa nikiangalia pembeni, nilichomoa kabla hata kisanduku hakijauliza jina. Alinifundisha kuchomoa katikati ya kupewa namba, nikawa fundi wa hilo. Mara mia mbili na sita. Kidole cha shahada kikafanya lengelenge. Kisanduku hakikuganda hata mara moja, na sikumbuki siku nyingine tangu nistaafu niliyofurahi hivyo kutwa nzima.

Ijumaa nilikwenda naye kliniki, pale pale hospitalini nilikostaafia. Hakuna aliyenialika, lakini hapo mapokezi ni kwangu, nani angenizuia? Kamati walikuwa watatu, mwenyekiti wao bwana mmoja mkavu, anayeandika kila kitu kwa penseli. Wakakaa kwenye benchi, mlango wa chumba cha chanjo ukiwa wazi mbele yao. Kabla hawajaanza, Bi Ruhusa akasimama.

"Naomba niseme kitu kwanza. Jumanne niligundua kwamba kisanduku hiki kina kosa. Ukichomoa flashi kwa ghafla mara nne, kinaganda. Nimelirekebisha na kulijaribu, lakini naona ni haki yenu kujua."

Nilitamani nimfinye. Nani alimuuliza? Mwenyekiti akaandika, tena akapigia mstari, na mstari ule sikuupenda.

"Jumanne hii iliyopita?" akauliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Siku tatu." Akaigeuza penseli. "Basi tuangalie."

Bi Ruhusa aliomba jambo moja: muuguzi aonyeshwe pa kuchomeka flashi, asiambiwe kinachoangaliwa, afanye kazi kama siku zote. Akaambiwa tu kwamba wageni wamekuja kukagua mafriji. Alikuwa mama mnene mwenye mwendo wa kasi, na nje akina mama walikuwa wamejaa na watoto wao. Akaja na flashi, akachomeka, mtoto akapiga yowe, akachomoa taa ikipepesa, akatoka. Moja. Akarudi, akachomeka, akaitwa, akachomoa. Mbili. Mara ya tatu alichomoa akaenda kuangalia kwenye kompyuta kama kumbukumbu zimeingia, akaguna, akarudi. Ya nne aligonga na kiwiko, flashi ikaanguka sakafuni, akaiokota na kuifuta kwenye sketi. Nilikuwa nahesabu kwa vidole chini ya mkoba wangu. Bi Ruhusa pembeni yangu hakuwa anapumua, au mimi ndiye niliyekuwa sisikii.

Akachomeka mara ya tano. Taa ikazima. Ikakaa imezima kwa muda ambao nilimkumbuka Mungu na kila printa ya ofisi niliyowahi kuiona. Kisha ikapepesa, ikapepesa, ikawaka kijani. Muuguzi akachomoa, akatumbukiza flashi mfukoni, huyo anaondoka.

"Dada, samahani kidogo," mwenyekiti akamwita. "Kile kisanduku kimekusumbua leo?"

"Kisanduku gani?"

"Hicho kwenye friji."

Akageuka akakitazama, waziwazi kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Kinisumbue na nini? Nimechukua kumbukumbu zangu tu. Kwani kuna tatizo?"

Mwenyekiti akamwangalia Bi Ruhusa, ambaye sasa machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta.

"Miaka minne umekitengeneza," akamwambia, "na hata hakukiona."

"Hakukiona kabisa," Bi Ruhusa akasema, akicheka na kulia kwa pamoja. Bwana mkavu akaweka penseli chini, akatoa kalamu ya wino, akasaini.

Muuguzi alitutazama sote pale kwenye benchi, watu wazima watano wasio na kazi ya kufanya, akarudi kwa akina mama wake.